Bila Hongo Hupiti Tura

"Ulitoa hongo, hukutoa?"

Swali la Mwalimu Eustace lilikuwa bado linazunguka pale pale tulipoliacha, juu ya kichwa cha Lugembe, kama nyuki aliyefukuzwa mzingani na hajaamua amchome nani.

Lugembe akamtazama Julieth. Julieth akamtazama Mwalimu Eustace. Mwalimu Eustace, mkuu wa nidhamu wa Chuo cha Utalii cha Kaze, hapa Tabora, akaitazama simu yake iliyolala mezani, ambamo sauti ya Julieth ilikuwa imetoka kusikika sasa hivi, nyororo na ya kuamrisha: "We Mnyamwezi, sikia. Zamu yako ya kuongoza Tura haipiti bila hongo. Na safari hii iwe nzito, si vile vya juzi."

"Nilitoa," akasema Lugembe.

Nje ya dirisha, ambako mwanafunzi mwenzao Shazia alikuwa amejibanza ili asipitwe, akasikika mtu anajipiga kofi la paji la uso.

Chini ya meza, Julieth alimkanyaga Lugembe. Na alikuwa amevaa visigino.

"Ulitoa nini?"

"Michembe, mwalimu."

Eustace akaandika, akapigia mstari. "Michembe. Hilo fumbo la nini?"

"Si fumbo. Viazi vitamu vya kukata na kuanika. Mama yangu anaanika pale Ng'ambo, juu ya bati."

"Kijana, nimesikia 'chai'. Nimesikia 'soda'. Nimesikia 'ya maji'. Sasa wenzangu mmefika kwenye michembe. Ilikuwa kiasi gani?"

"Bakuli."

"Bakuli la nini?"

"La michembe, mwalimu."

Mwalimu Ng'washi, mama wa Igunga aliyekuwa mjumbe wa pili wa kamati ya nidhamu, akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua ndani yake.

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au uliyelikuta limeshafungiwa karanga, mambo yalikuwa hivi. Darasa la mwisho la waongoza watalii lilikuwa na mtihani wa vitendo: kupanda treni, kushuka vituo vya njia ya zamani ya misafara, na kila mwanafunzi kuwaongoza wenzake kwenye kituo chake kama anaongoza wageni. Aliyepanga zamu alikuwa kiongozi wa darasa, Julieth Chidawali, binti wa Saranda, Mgogo wa kuchonga. Lugembe aliitaka Tura na si kwingine. Babu wa babu yake alipita Tura na pembe ya ndovu begani, akafika pwani, akarudi. Kwenye vibao vya historia limeandikwa jina la Mzungu aliyekuwa nyuma ya mgongo wake. La aliyebeba halikuandikwa.

Sasa, Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Tangu zile siku za misafara. Na adhabu ya hongo katika mtihani chuoni Kaze ni moja: aliyetoa anafukuzwa, aliyepokea anafukuzwa.

"Mwalimu," Julieth akasema, na sauti yake ikawa ile ya kuelezea mtoto, "huyu ni mtani wangu. Wanyamwezi wakipita Ugogo lazima watoe hongo. Walitoa kwa babu zangu, atatoa na yeye. Kila Mnyamwezi nikikutana naye namdai. Hata yule wa mgahawani namdai."

"Kwa hiyo unakiri una mtandao."

"Nina watani, mwalimu!"

"Kwetu sisi," Eustace akasema taratibu, "hongo ni hongo. Iko kwenye sheria."

Hapo ndipo elimu ya makaratasi inapomtupa mtu shimoni huku imemvalisha suti. Hongo ya Ugogo haikuwa rushwa. Nchi ilikuwa kavu, visima vilikuwa na wenyewe, na msafara wa watu na punda ulipofika na kiu, mwenye kisima alikuwa na haki ya kusema: nipe kitambaa, unywe, upite. Ushuru wa mwenye maji. Leo ungeitwa tozo, ungeletewa na mashine. Wazungu wapita njia waliudhika kudaiwa na Mwafrika mwenye nchi yake, wakaandika kwamba wanaibiwa. Neno likachafuliwa tangu hapo. Rushwa yenyewe ilikuja baadaye, ikaja pamoja na ofisi.

"Kama ni utani," Eustace akaegemea kiti, "nithibitishieni. Nataka kuuona."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Tanianeni."

Umewahi kuambiwa ucheke, ukacheka? Lugembe aligeuka kumtazama Julieth, na kichwa chake kikawa kitupu kama mtungi wa kiangazi. Kikajaa kitu kimoja tu, kwamba pua ya binti huyu inang'aa pale nchani akiwa na hasira.

Julieth ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, Mnyamwezi ukimkuta njiani na mzigo, usimtue. Ukimtua atalia mwizi."

Nje ya dirisha, kicheko.

"Na Mgogo," Lugembe akajikuta anajibu, "akirudi safari humsalimia ng'ombe kwanza. Akibakiwa na muda, ndiyo mke."

"Ng'ombe anajibu. Mume wa Kinyamwezi ukimsalimia anaanza kuhesabu hatua mpaka Bagamoyo."

"Angalau tulifika! Nyie mlikwenda wapi?"

"Twende wapi, na nyie mnaleta kila kitu mlangoni? Babu yako katembea mpaka baharini na pembe begani, karudi na kipande cha kaniki. Mwenye akili nani, yeye, au babu yangu aliyekaa kisimani anamsubiri apite na kiu?"

"Mlituuzia maji ya mvua!"

"Mlikunywa, hamkunywa?"

"Tulikunywa!"

"Basi toa hongo, mla michembe!"

Mwalimu Ng'washi alishalaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Hata mlinzi wa getini alikuwa amesogea dirishani kwa Shazia.

Kulikuwa na utani mmoja ambao Lugembe aliuruka: ule wa kuwaita Wagogo ombaomba. Wapumbavu huupenda. Lakini bibi yake alimfundisha kwamba vita vya wakubwa vya mwaka kumi na nne, Mjerumani na Mwingereza walipokuwa wanagombania nchi za watu, walikula ng'ombe na nafaka za Ugogo kwa zamu, na njaa iliyofuata, Mtunya, ikaua watu ambao hawakujua hata vita ni vya nini. Mtani huchezea tabia, hachezei kaburi. Julieth alikuwa ameliona hilo siku ya kwanza walipokutana. Hakuwahi kusema, ila aliliona.

"Mwalimu Eustace," Ng'washi akajifuta macho, "huo ni utani. Sisi wenyewe Wasukuma tumo. Ukiwafukuza hawa, nifukuze na mimi, maana nimekula michembe hiyo hiyo."

Eustace akafunga daftari. Lugembe akavuta pumzi. Julieth akaondoa kisigino.

Na hadithi ingeishia hapo, kama Mwalimu Eustace asingekuwa na simu ya pili.

"Kuna sauti nyingine," akasema.

Lugembe akaijua kabla haijachezwa.

Maana juzi yake, alipoipokea ile sauti ya Julieth, kijana aliisikiliza mpaka akaijua kwa moyo, kisha akataka ushauri. Mshauri wake wa mapenzi ni Shazia, binti wa duka la vitenge la Mzee Aftab, ambaye hajawahi kuwa na mchumba lakini anajua makosa ya wachumba wote wa mji. Lugembe akamtumia Shazia sauti ya Julieth. Akamrekodia na ya kwake. Akabonyeza. Kidole cha mtu mwenye mapenzi kina jasho: zote mbili zikaenda kwenye kundi la darasa, walimu wakiwemo.

Akakurupuka kufuta. Ya kwake akaifuta kwa wote. Ya Julieth, kwa haraka, akabonyeza "futa kwangu". Ikabaki kwa watu wote isipokuwa yeye, naye akalala usingizi wa pono.

Lakini Mwalimu Eustace, ambaye hajawahi kuandika neno katika kundi lile, huwa anasikiliza kila kinachoingia, na simu ya pili imewekwa kando, inarekodi.

Akabonyeza. Sauti ya Lugembe ikajaa chumbani, ya mtu aliyejifunika shuka.

"Shazia, dada, umemsikia huyo? Hongo nitampelekea, hata akitaka mzinga mzima wa asali. Lakini mimi nimechoka kucheka. Nampenda huyu Mgogo. Nampenda kabisa, na hili si utani."

Mlinzi wa getini akasema, "Lo!" akarudi getini.

Julieth hakugeuka. Shingo yake tu ndiyo iliyosimama.

Hebu simama hapo kidogo uone kijana alipofikia. Miezi na miezi alikuwa akimwambia Julieth neno hilo kwa midomo ya mzaha. "Nitakuoa, Mgogo, nikufundishe kupika." Naye: "Nioe, Mnyamwezi, nikufundishe kukaa kitako." Kila akilileta, linapokelewa kwa kicheko na kurudishwa kwa kicheko. Ukimpenda mtani, utamwambiaje? Maneno yote ya mapenzi yameshatumika kumtukania. Kitu kimoja tu alichokuwa anakitaka duniani, kuliko cheti na kuliko Tura, ni kwamba Julieth asikie mara moja na aamini.

Sasa amesikia.

"Nisaidie, Lugembe," Eustace akasema, mpole kama daktari mwenye sindano. "Pumzi moja. 'Hongo nitampelekea.' 'Na hili si utani.' Maneno yako au si yako?"

"Yangu."

"Basi kama ni utani, ni utani wote. Kama si utani, si utani wote. Kamati haiwezi kukata sauti kama muwa, ikatafuna upande mtamu na kutema mwingine. Chagua."

"Mwalimu, hilo ni jambo la..." Ng'washi akaanza.

"Achague."

Akisema lile neno ni la kweli, Julieth anafungasha leo hii na kurudi Saranda na jina la mla rushwa. Binti ambaye baba yake aliuza ng'ombe wake mwenyewe amlete hapa. Akisema ni utani...

"Ni utani, mwalimu."

"Wote?"

"Wote."

"Na la kumpenda?"

"Na hilo."

"Mwambie yeye. Si mimi niliyependwa."

Lugembe akageuka. Pua ya Julieth haikuwa inang'aa. Macho ndiyo yaliyokuwa yanang'aa.

"Julieth," akasema, "mimi sikupendi. Nilikuwa nakutania."

Kwa muda mfupi mno, mdogo kuliko wa kufumba jicho, uso wa Julieth ulikuwa wa mtu aliyedokolewa chakula chake. Kisha akacheka. Akacheka vizuri, kicheko cha mtani aliyekamilika.

"Na nani aliyekwambia ningekubali kupendwa na mla michembe?"

"Kesi imefungwa," Mwalimu Eustace akasema, akiwa na furaha ya mtu aliyetenda haki. "Nitawapigia wazazi niwatoe wasiwasi."

Hilo la mwisho hakuna aliyelisikia. Lingesikika, tungeokoa mengi.

*

"We bwege," Shazia akamwambia nje. "Bwege wa daraja la kwanza! Umeokolewa unalia nini?"

"Silii."

"Kamasi hiyo ni ya vumbi?"

"Nimemwambia simpendi, Shazia."

"Umemwambia kwa sababu ya kumlinda."

"Yeye anajua hilo?"

Shazia akafikiri. "Mimi nitajuaje? Sisi Wahindi hatuna watani, tuna wateja. Muulize mwenyewe."

Lugembe akamfuata Julieth mpaka bweni la wasichana, akamkuta anatoka.

"Mgogo! Kisima kimekauka?"

Julieth akasimama. Akamtazama kwa adabu.

"Habari za mchana, ndugu Lugembe."

*Ndugu.*

"Zamu yako ya Tura iko pale pale. Treni ya asubuhi. Tafadhali usichelewe."

Akapita. Akamwacha Lugembe anahisi kama mtu aliyetukanwa matusi ya nguoni.

Maana hakuna kinachotisha kwa mtani kama heshima. Akikuita mwizi, mko sawa. Akikuita nyani, mko sawa zaidi. Akikuita ndugu, nenda katafute kosa lako.

*

Treni ilitoka Tabora na darasa zima likiwa limebanana madirishani, Mwalimu Eustace na Mwalimu Ng'washi na karatasi zao za alama, na Shazia na kapu la sambusa kana kwamba wanahama nchi.

Kituoni Igalula akina mama wakainua mabeseni kwenye madirisha. Karanga, mahindi, asali kwenye chupa za maji. Lugembe akanunua chupa moja ya asali, akapenya mpaka kiti cha Julieth.

"Hongo ya njiani."

"Asante sana, ndugu. Nimeshakula."

"Julieth, nitukane basi hata kidogo."

"Sina sababu ya kukutukana. Hujanikosea."

Akageukia dirisha. Shazia, kiti cha nyuma, akamvuta Lugembe shati.

"Sikiliza. Baba yangu mteja akianza kumwambia 'asante, tafadhali', anajua kuna mawili. Ama anahamia duka jingine, ama anataka kitu kikubwa na anaogopa kuambiwa hakipo."

"Kipi kati ya hivyo?"

"Ndiyo maana duka linaitwa biashara, si uganga."

Walishuka Tura jua limeanza kupata nguvu. Stesheni, vibanda vichache, miti ya mihama kwa mbali, na upande wa mashariki pori linaloanza bila kubisha hodi. Wazee waliliita Mgunda Mkali. Ukitoka pwani, Tura ndiyo iliyokuwa nyumba ya kwanza ya Unyamwezi baada ya pori hilo. Ukitoka Tabora, ndiyo ya mwisho.

Zamu yake. Wenzake wakakusanyika mbele yake kama wageni. Eustace akatoa kalamu.

Lugembe alikuwa amekariri hotuba nzuri yenye majina ya wapelelezi watatu na tarehe zao. Akaifungua mdomoni, akaikuta imechacha. Akaitema.

"Ndugu wageni," akasema, "mtaonyeshwa vibao vingi kwenye njia hii. Kila kibao kina mtu aliyegundua. Huyu kagundua ziwa, yule kagundua mto. Swali langu ni dogo. Njia alionyeshwa na nani? Mbele ya kila mgunduzi alikuwepo kirangozi, kiongozi wa msafara, na mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, na alikuwa anakwenda mahali anapopajua. Mtu huwezi kugundua kitu huku unamfuata mwenyeji mgongoni."

Ng'washi akatikisa kichwa, mhm. Eustace akaacha kuandika, akasikiliza.

"Wapagazi waliojenga njia hii hawakuandikwa. Waliofia humo porini hawakuzikwa. Mishahara yao, wengine hawakulipwa mpaka leo. Walichobakiwa nacho ni nyimbo na utani. Walipofika Ugogo, watu wenye visima na watu wenye kiu wangeweza kuuana kila msimu. Wengine waliuana. Lakini wengine wakagundua, nao hawana kibao, kwamba ukimtukana mtu huku mnacheka, mnaweza kunywa kisima kimoja. Sasa tusogee, mwone hongo ilivyokuwa inatolewa."

Hapa ndipo onyesho lilipopangwa, tangu wiki zile za amani. Julieth angekuwa mtemi wa Ugogo. Angeziba njia kwa kitenge. Lugembe angetoa michembe, watu wangecheka, wangepiga makofi.

Julieth akatoka nyuma ya kibanda. Kitenge amekishika ncha mbili, kimekatiza njia.

"Msafara simama!"

Lugembe akasimama.

"Nani wewe?"

"Mnyamwezi, natoka Unyanyembe."

"Waenda wapi?"

"Napita tu, mtemi."

"Kwangu hakuna 'napita tu'. Hongo."

Lugembe akafungua mkoba, akatoa bakuli. Lile lile la mama yake, la bati, lenye ua jekundu ubavuni. Akalitoa kwa mikono miwili.

Julieth hakulitazama.

"Michembe sitaki."

Darasa likacheka. Haikuwa kwenye onyesho, lakini ilichekesha.

"Nina asali."

"Asali sitaki."

"Sasa mtemi anataka nini?"

Julieth akakikaza kitenge.

"Nataka neno," Julieth akasema. "Jana ulikuwa nalo moja, ukalimeza mbele ya watu. Kama lilikuwa utani kweli, sema hivyo tena hapa, nje ya ofisi, hakuna anayekufukuza. Nitacheka, nitakuachia upite, na mambo yataisha. Kama halikuwa utani, lilipe. Bila hilo, Mnyamwezi, hupiti Tura."

Vicheko vya darasa vikafa kimoja kimoja, kama taa za sokoni.

Lugembe akaona kalamu ya Eustace. Akaona simu, zote mbili. Akaelewa kwamba neno likitoka, kesi iliyofungwa jana inafunguliwa leo. Akaelewa pia kwamba Julieth analijua hilo kuliko yeye, na bado ameziba njia.

Kumbe "ndugu" haikuwa hasira. Aliacha kumtania kwa sababu alikuwa anasubiri jibu la kweli, na mtu hasubiri jibu la kweli huku anachekesha.

Akaweka bakuli chini.

"Julieth Chidawali. Nakupenda. Nimekupenda tangu siku ile uliyoniambia kichwa changu kimekaa kama kata ya kubebea mzigo. Nilikwambia mara mia nikicheka kwa sababu nilikuwa naogopa kukwambia mara moja bila kucheka. Sicheki sasa."

Shazia, aliyekuwa ameuma sambusa nusu, akabaki nayo mdomoni.

"Kijana!" Mwalimu Eustace akajitokeza mbele. "Kwa hiyo jana uliidanganya kamati?"

"Hapana, mwalimu. Jana nilitoa hongo."

"Nini?"

"Mlitaka neno fulani ndipo huyu apite. Nikawapa. Katika maisha yangu yote ya chuo hiki, hongo ya kweli niliyowahi kutoa ni hiyo moja, na waliopokea ni nyie. Kama ni kufukuzana, tuanze na mpokeaji."

Nzi mmoja alipita, akaona aibu, akaondoka.

"Andika hilo, mwalimu," Ng'washi akasema polepole. "Liandike vizuri, na tahajia yake."

Eustace aliitazama karatasi ya alama. Akaitazama kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alionekana kama mtu anayefikiri kitu ambacho hakikuwa kwenye kanuni. Akaifunga kalamu.

Na Julieth akateremsha kitenge.

"Hongo imepokelewa," akasema. "Pita, mla michembe."

Mla michembe! Lugembe hakuwahi kusikia jina tamu kama hilo. Julieth akamnyooshea mkono kumvusha juu ya kitenge kilicholala chini, naye akaushika, na darasa likapasuka kwa vigelegele, na hapo hapo, kutoka upande wa Mgunda Mkali, treni ya kutoka Dodoma ikapiga honi na kuingia stesheni.

Julieth akageuka kuitazama.

Mzee mmoja mrefu alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa behewa kabla halijasimama. Shuka nyeusi begani, fimbo mkononi, uso wa mtu aliyesafiri na jambo moja tu.

"Baba," Julieth akanong'ona.

"Aa, Mzee Chidawali, amefika!" Mwalimu Eustace akang'aa, akifurahi kupata kitu kilicho kwenye kanuni. "Nilimpigia jana kumtoa wasiwasi. Nikamwambia asihofu kabisa, tutakuwa Tura, na yule kijana amekiri mbele ya kamati kwamba hampendi binti yake hata kidogo, alikuwa anamchezea tu."

"Ulimwambia *anamchezea*?" Ng'washi akashika kichwa.

Mzee Chidawali alikuwa ameshashuka. Hakusalimia. Wanafunzi walioanza kusema "shikamoo" waliimeza. Alitembea mpaka katikati yao, akachomeka fimbo mchangani, akawatazama vijana wa kiume mmoja baada ya mwingine.

"Yuko wapi," akauliza, "huyo asiyempenda mwanangu?"

Vidole vyote vya Tura, cha Mwalimu Eustace kikiwa cha kwanza, vikamwelekea Lugembe, ambaye alikuwa bado hajauachia mkono wa Julieth.